Anayepishwa Naye Ana Wajibu

Sumbawanga iko juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mgeni anayefika kwa barabara ya Tunduma huona mahindi, ng'ombe na upepo wa baridi, asione dalili yoyote ya chombo cha majini. Hata hivyo uwanda wa Ufipa umekaa katikati ya maziwa mawili. Magharibi ardhi inaporomoka zaidi ya meta 1,000 hadi Ziwa Tanganyika. Mashariki kuna ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake bonde la Ziwa Rukwa. Mahindi ya Ufipa hushuka kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga yakavuka kwenda Kongo, na dagaa na migebuka hupanda kwa njia hiyohiyo mpaka masoko ya mjini. Kwa hiyo habari ya vyombo vya majini inatuhusu hata sisi tunaoishi mbali na mwalo. Na kwa miaka mingi nimeona kwamba kumbukumbu tunazozitunza juu ya ziwa ni za vyombo vyenyewe: nani aliviunda, vilizama lini, vilibeba watu wangapi. Kanuni zinazoviwezesha vyombo hivyo kupishana bila kuuana hatuzikumbuki, wala hatuwafundishi watoto. Nami naamini kwamba katika yote ambayo safari za majini zimewapa binadamu, kanuni hizo zina thamani kubwa kuliko chuma na injini, na kwamba funzo lake linafika hadi huku juu kwenye mashamba na barabara zetu.

Chukua mfano wa Liemba, meli ambayo kila mtu wa Kasanga, Kipili na Kirando anaijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini Mei 1927 ikiwa na jina tunalolijua. Ni historia ya kusisimua, na inastahili kusimuliwa. Ila kuna jambo ambalo masimulizi hayo huliruka. Meli ya chuma yenye urefu wa meta 71, yenye uwezo wa kubeba abiria 600, ilitumika kwa miongo mingi katika ziwa lililojaa mitumbwi ya mbao, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, huku boti ndogo zikiikimbilia kutoka ufukweni kupokea abiria na mizigo. Chuma peke yake kisingeweza kufanya hivyo usiku na mchana. Kilichohitajika ni maelewano ya awali kati ya watu wasiofahamiana, kila mmoja akijua mwenzake atafanya nini kabla hajafanya.

Katika lugha yetu tumezoea kuifananisha nchi na jahazi na kiongozi na nahodha. Tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa msemo huo tunawaomba watu watulie wamwachie mmoja usukani. Sikatai kwamba ndani ya chombo kimoja amri lazima iwe na mwenyewe. Lakini sehemu kubwa ya maisha yetu haiko ndani ya chombo kimoja. Mkulima na mfugaji, dereva wa lori na wa bodaboda, mvuvi wa Tanzania na wa Zambia, kila mmoja ana usukani wake na nahodha wake, na hakuna anayemwamuru mwenzake. Methali ya manahodha wengi haiwasaidii hao hata kidogo. Kinachoweza kuwasaidia ni kile ambacho mabaharia walikiandika kwa ajili ya vyombo viwili vinavyokutana pasipo na hakimu.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Vyombo Kugongana Baharini zilikubaliwa London mwezi Oktoba 1972 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, chini ya Shirika la Bahari Duniani, IMO. Nyingi ni fupi na mtoto wa darasa la tano anaweza kuzielewa. Meli mbili za injini zikikabiliana uso kwa uso, kila moja inageukia kulia kwake. Njia zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha, na asipite mbele yake. Anayempita aliye mbele, hata awe na haraka gani, ndiye anayejiepusha. Ukisoma kanuni hizo kutoka mwanzo hadi mwisho, hutakuta mahali panaposema kwamba katika kukutana huko chombo fulani kinaimiliki njia. Zinagawa kazi: huyu apishe, na huyu mwingine ashike njia yake na mwendo wake. Yule anayepishwa hakupewa zawadi. Amepewa kazi ya aina nyingine, nayo ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Ugumu wake uko katika kanuni ya 17, ambayo naiona kuwa kilele cha hekima yote hiyo. Anayepishwa anaanza kwa kufungwa: haruhusiwi kugeuza wala kubadili mwendo, kwa sababu mwenzake anapiga hesabu ya kumkwepa kwa kutegemea kwamba yeye hatabadilika. Akitikisika huku na huku kwa hofu au kwa adabu, anaiharibu hesabu hiyo. Kisha inakuja hatua ya pili. Ikionekana wazi kwamba anayepaswa kupisha hapishi, anayepishwa anaruhusiwa kutenda mwenyewe. Hatua ya tatu ni pale vyombo vinapokaribiana kiasi kwamba juhudi ya mmoja haitoshi tena. Hapo ruhusa inageuka kuwa amri, naye lazima afanye lolote litakalosaidia. Kanuni za zamani zilimtaka asubiri mpaka hatari iwe karibu mno. Zile za 1972 zikamfungulia nafasi ya kati, kwa kuwa kusubiri kulikuwa kumeua. Na bado kanuni inaongeza kwamba kutenda kwake hakumfutii kosa yule aliyekataa kupisha. Hakuna hatua ambapo mmoja anabebeshwa yote, wala ambapo mwingine anaweza kukunja mikono akasema, "Mimi nilikuwa sahihi."

Wajibu wa kupisha nao unatolewa kwa kipimo ambacho wengi hawakitegemei. Huku nchi kavu tumezoea mdogo ampishe mkubwa, na mwenye baiskeli atoke barabarani lori linapopiga honi. Kanuni ya 18 inapima uwezo wa kugeuka. Chombo cha injini kinachotembea kinapisha kile kilichopoteza uwezo wa kujiongoza, kinapisha kinachofanya kazi inayokifunga, kinapisha kinachovua kwa zana zinazokizuia kugeuka, na kinapisha kinachokwenda kwa tanga. Fikiria maana yake usiku wa giza katika Ziwa Tanganyika, wakati wavuvi wa dagaa wamewasha taa na kushusha nyavu. Boti ya mbao yenye vijana wachache na wavu ulio majini haiwezi kugeuka, na kwa roho ya kanuni hii meli iliyojaa abiria ndiyo inayopaswa kuizunguka. Boti ileile ikishapandisha wavu na kuwasha injini kurudi mwaloni, imerudi kwenye kundi la wenye uwezo na haina tena daraja hilo. Kwa hiyo heshima inayotolewa hapa inafuata hali ya mtu kwa saa hiyo, na haijali utajiri wake, ukubwa wake wala jina lake. Katika njia nyembamba kipimo hichohicho kinageuka upande wa pili: chombo chenye urefu usiofika meta 20 hakitakiwi kuizuia meli isiyoweza kupita salama pengine popote.

Msingi mwingine wa mfumo huu ni kujulikana. Taa za meli hazikuwekwa ili nahodha aone njia. Zimewekwa ili wengine wamsome yeye. Nyekundu iko kushoto kwake na kijani kulia, na kila moja imefungiwa pembe yake, hata aliye mbali gizani aweze kujua meli inaelekea wapi. Njia zinapokatana, ukiona nyekundu ya mwenzako yeye yuko kulia kwako, basi ni wewe wa kupisha. Ukiona kijani, ni yeye. Taa nyeupe moja, kama ile ya kuvutia dagaa, haitoi habari hiyo: inasema kuna mtu hapa, isiseme anatazama wapi wala kama anatembea. Na maskini kuliko wote hakusahauliwa. Anayepiga makasia, ikiwa hana taa za kawaida, anatakiwa awe na tochi au taa yenye mwanga mweupe karibu na mkono wake na aioneshe mapema, kabla mgongano haujawa wa lazima. Sheria ya dunia nzima imeshuka hadi kwenye tochi ya mtu mmoja katika mtumbwi, ikamwambia kwamba naye ana neno la kusema, ila aliseme kwa wakati.

Kwa upande wa sauti nako kuna jambo zuri. Honi fupi moja maana yake nageukia kulia; mbili, nageukia kushoto; tatu, injini yangu inasukuma nyuma. Na zipo honi tano za harakaharaka, ambazo tafsiri yake ni: sielewi unachokusudia, au sina hakika kwamba unafanya vya kutosha. Mabaharia walitambua kwamba shaka ni habari, na kwamba habari hiyo ikifichwa kwa sababu ya aibu, watu hufa. Ndiyo maana kanuni zinakataza kukisia kwa taarifa haba, na zinataka hatua ya kukwepa ichukuliwe mapema na iwe kubwa kiasi cha kuonekana. Mageuzi madogomadogo yanayofuatana yanakatazwa, kwa sababu mwenzako hawezi kuyaona.

Ushahidi wa gharama ya kupuuza hayo uko wazi. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na Nantucket, Marekani, meli ya Kiitaliano Andrea Doria na ya Kiswidi Stockholm zilionana kwenye rada kabla ya kuonana kwa macho. Andrea Doria ilikuwa ndani ya ukungu na ilikuwa imepunguza mwendo kidogo tu. Maofisa wake walidhani meli zitapitana kulia kwa kulia, wakasogea kushoto kidogokidogo kupanua nafasi; wa Stockholm walidhani zitapitana kushoto kwa kushoto, wakageukia kulia. Kila upande ulikuwa na chombo cha kisasa, maofisa wenye vyeti na picha kamili kichwani ya kile ambacho mwenzake anafanya, na picha hizo mbili hazikulingana. Watu 51 walikufa. Kampuni hizo baadaye zilimaliza mashauri yao nje ya mahakama, na hukumu ya nani hasa alikosea haikutolewa. Kwangu funzo ni kwamba nia njema ya kukwepa haikutosha. Nia hiyo ilihitaji kuonekana, na ilihitaji kufuata mpango ambao mwenzake anaujua.

Mtu anaweza kusema kwamba kanuni za bahari si za kwetu, kwa kuwa zimeandikiwa bahari kuu na maji yanayounganika nayo. Ni kweli kwamba ziwa lililofungwa kama Tanganyika halimo moja kwa moja. Lakini kanuni zenyewe zimeacha mlango kwa nchi kuweka taratibu za maziwa na mito, zikiomba tu zifanane nazo kadiri inavyowezekana, na Tanzania ina Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2003 pamoja na msimamizi wake, TASAC, aliyeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zaidi ya hayo, ziwa letu limegawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Chombo kinachotoka Kasanga kwenda Moba au Mpulungu kinaingia katika maji ya serikali nyingine. Wengine watajibu kwamba mvuvi mwenye uzoefu anajua desturi za ziwa lake bila kitabu. Namheshimu mvuvi huyo. Ila desturi ya Kirando inamlinda na watu wa Kirando, na usiku hachagui atakutana na nani. Kanuni iliyoandikwa ni desturi iliyokubali kumhudumia na mgeni.

Pingamizi zito zaidi ni hili: maafa makubwa ya maziwa yetu hayakutokana na kugongana. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua watu zaidi ya 800, na kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228. Vyote viwili vilikuwa vimezidishiwa watu. Nakubali kabisa kwamba kanuni za kupishana hazihesabu abiria wala magunia, na anayetaka kuokoa maisha ziwani lazima aanze na mzigo, maboya na hali ya hewa. Lakini katika kanuni ya 2 wameandika kwamba hakuna chochote katika kanuni hizi kinachomwondolea lawama mmiliki, nahodha au baharia aliyeacha tahadhari ambayo kazi ya kawaida ya majini inaidai. Mmiliki ametajwa, ingawa yuko nchi kavu ofisini. Fikra ni ileile: huwezi kujificha nyuma ya leseni, wala nyuma ya tiketi uliyolipia, wala nyuma ya mwingine aliyepaswa kukuzuia. Katika chombo kilichojaa kupita kiasi kila mmoja ana sababu ya kuwa pale, na kila mmoja anangoja mwenzake ashuke.

Yuko pia atakayesema kwamba kumpa mdogo wajibu ni kumtega, kwa sababu mtumbwi ukigongana na meli, anayekufa ni wa mtumbwini. Ni kweli, na ndiyo sababu siwezi kuutetea mfumo huu pasipo usimamizi. Kanuni isiyokaguliwa inabaki silaha ya mwenye nguvu. Hata hivyo tazama nini kingetokea kama mdogo angeambiwa ana haki tu, hana la kufanya. Angezima tochi yake akiamini ataonwa. Wajibu wa kujionesha na wa kutenda saa ya mwisho haukuwekwa kumpunguzia mkubwa kosa, na kanuni imesema hivyo waziwazi. Umewekwa kwa sababu haki ya marehemu haimrudishi nyumbani.

Sasa nije kwenye nchi kavu. Katika bonde la Ziwa Rukwa wakulima na wafugaji, wengi wao waliohamia na mifugo kutoka mikoa ya kaskazini, wamekuwa wakigombania mashamba, maji na mapito ya ng'ombe kwa miaka mingi. Katika migogoro ya namna hii kila upande huja na haki mkononi: shamba ni langu, na njia hii ng'ombe wetu wamepita tangu zamani. Mara nyingi pande zote mbili husema kweli, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Tukitumia hesabu ya mabaharia, swali la kwanza linakuwa nani kati yao anaweza kugeuka. Shamba halitembei, kundi linatembea. Basi mzigo mkubwa wa kupisha uko kwa mwenye kundi, na apishe mapema, kabla ng'ombe hawajaiona mihogo. Lakini mkulima naye ana wajibu wa anayepishwa: ashike njia yake. Mpaka ukishakubaliwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kuupanga, asiusogeze msimu unaofuata akalima ndani ya pito la mifugo, kwa sababu mfugaji amepanga safari yake akiutegemea. Na mmoja wao asipomwelewa mwenzake, atoe shaka yake hadharani katika mkutano wa kijiji wakati bado kuna nafasi ya kugeuka, asingoje mpaka ashike fimbo au panga.

Nitaambiwa kwamba mfano huu una kasoro, kwa kuwa meli hukutana na kuachana, na majirani hubaki pamoja mpaka wazeeke. Kasoro hiyo naiona, lakini inaongeza uzito wa hoja. Ikiwa watu ambao hawataonana tena wameweza kukubaliana kwamba kila mmoja ana kazi ya kufanya ili mwenzake afike, majirani wana sababu kubwa zaidi. Wana pia kitu ambacho mabaharia hawana, yaani muda wa kukaa na kuzungumza kabla ya kukutana njiani.

Ninachopendekeza kinawezekana. Shule za Kasanga, Kipili, Kirando na vijiji vyote vya mwambao zifundishe kanuni hizi kwa Kiswahili chepesi, pamoja na taa na ishara za honi, kwa mtoto ambaye kesho atashika kasia. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo tayari vipo mialoni, vikague tochi kama vinavyokagua nyavu. Na huku juu uwandani, baraza la kijiji linapokaa kusuluhisha, lianze kwa kuuliza kila upande una wajibu gani na umeutangaza vipi kwa mwenzake, kisha ndipo ligeukie swali la nani ana haki. Mabaharia hawakufika kwenye mpangilio huo kwa sababu walikuwa watu wapole kuliko sisi. Waliufikia baada ya vifo vingi, na sisi tunaweza kuupokea bila kulipa bei hiyo tena.